Cheche na Beseni

Jina la Digrii hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wagonjwa wa kituo cha mazoezi ya viungo, kwa sababu kila asubuhi, kabla mtu hajatia hata kidole majini, yeye ndiye aliyepiga goti ukingoni mwa bwawa, akachovya kipimajoto, akakitazama kwa jicho moja kama anayechungulia tundu la ufunguo, kisha akatangaza: "Digrii thelathini na nne. Karibuni." Asipotamka hivyo hakuna aliyeingia. Jina likamganda. Hata mke wake, akimkasirikia nyumbani, alimwita hivyohivyo: "Wewe Digrii, umesahau mkate tena?"

Alikuwa fundi wa boila. Chumba chake kilikuwa nyuma ya bwawa, kimetenganishwa nalo na mlango mmoja wa chuma. Mle ndani mlikuwa na boila yenyewe, fupi na nene kama pipa lililovimba, mabomba yaliyofungwa matambara, na kiti kimoja chenye mguu ulioshikizwa kwa waya. Digrii alikipenda chumba kile. Alikuwa mtu wa maneno machache, na boila haikumdai maneno.

Sasa, mama mkwe wake akateleza bafuni na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akahamia kwa Digrii na mkewe apate wa kumtazama, akapewa mkongojo. Baadaye daktari akasema mguu hautakaa sawa bila mazoezi ya majini, na kituo chenye bwawa la maji ya uvuguvugu ni kimoja tu. Ndicho hicho.

Mama mkwe aliposikia alishika kifua.

"Mimi nivue nguo niingie majini mbele ya mkwe wangu? Bora nichechemee mpaka kaburini!"

Mke wa Digrii alibembeleza, akanuna, akalia kidogo. Mwisho wakafikia mapatano kama serikali mbili zilizopigana. Digrii atapima maji mapema, ataingia chumba cha boila, atafunga mlango, na hatatoa hata pua mpaka mtaalamu wa mazoezi agonge kwamba wagonjwa wote wamekwisha kuvaa. Digrii alikubali kabla maneno hayajaisha. Kusema kweli, wazo la kumwona mama mkwe katika gauni la kuogelea lilikuwa limemtoa kijasho chembamba siku mbili nzima.

Walichosahau wote ni sauti. Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni karibu maisha yake yote, na koo lake lilikuwa limezoea kuwafikia wanafunzi mia tatu wanaogonga vijiko kwenye sahani. Mlango wa chuma ulikuwa nini mbele yake? Digrii alisikia kila kitu. Wiki za mwanzo alisikia miguno. Kisha malalamiko. Kisha, taratibu, utani. Haukupita muda mama huyo akawa ndiye kiongozi wa kundi la asubuhi: yeye, mshonaji mmoja mstaafu mwenye magoti mabovu, na askari wa barabarani wa zamani aliyepatwa na kiharusi, ambaye aliwaelekeza wenzake majini kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Huyo walimwita Kamanda.

Lakini na Digrii mwenyewe mama mkwe hakusema naye. Hapakuwa na ugomvi. Ilikuwa aibu tu, na aibu ikishazoeleka huwa kama ukuta. Nyumbani alimtumia salamu kupitia bintiye, ingawa walikaa meza moja. Kituoni alimtumia Kamanda.

"Kamanda, mwambie mkwe maji ya leo yamenoga."

Kamanda alijikokota hadi mlangoni, akapiga kelele: "Anasema maji yamenoga!"

"Nimesikia," alijibu Digrii toka ndani.

"Anasema amesikia!"

Asubuhi moja sauti ile ilimfikia ikiwa na mtetemo ambao hakuwahi kuusikia. Mama mkwe alikuwa amevuka bwawa zima, ukingo huu hadi ule, bila kushika kitu. Kule nje walimshangilia. Digrii, peke yake na boila, alijikuta amesimama na anapiga makofi. Alikuwa amevaa glovu nene za kazi, kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Kisha pampu ikafa. Ilikuwa alasiri, wagonjwa wamekwenda zao. Digrii alisikia mkoromo, akasikia harufu ya waya ulioungua, akajua hata kabla ya kuigusa. Pampu hiyo ndiyo iliyosukuma maji ya moto toka kwenye boila kwenda bwawani. Bila yake boila ni pambo. Aliizima, akapiga simu kuagiza nyingine, akaambiwa itafika kesho, labda.

Mkuu wa kituo alikuja kushika kiuno ukingoni.

"Basi tutundike tangazo, tumefunga. Hadi asubuhi maji haya yatakuwa barafu."

"Hayatakuwa," alisema Digrii.

"Boila imezimwa, bwana!"

"Imezimwa, mkuu. Lakini hilo ni bwawa la lita elfu hamsini. Joto lililojaa humo haliondoki kwa usiku mmoja, tukilizibia njia. Linatokea zaidi hapa juu, kwa mvuke. Naomba tulifunike."

"Mtaalamu amesema chini ya thelathini na mbili haingii mtu, misuli inakaza."

"Hatutafika huko."

Mkuu alimtazama. Digrii hakuwa mtu wa kuahidi. Basi wakazima feni, wakafunga madirisha, wakatandaza maturubai ya nailoni juu ya maji kama watu wanaomfunika mgonjwa, na palipobaki wazi wakaweka magodoro membamba ya mazoezi yaelee.

Jioni Digrii alimwambia mke wake kilichotokea. Mke wake akamwambia mama yake. Na mama yake, hana hili wala lile usoni, akachukua simu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Asubuhi Digrii alifunua pembe ya turubai, akapiga goti, akachovya kipimajoto. Thelathini na tatu. Usiku kucha bwawa lilikuwa limepoteza digrii moja tu. Alishusha pumzi. Ndipo mlango mkubwa ukafunguliwa, kundi zima likaingia.

Mshonaji alikuwa na chupa mbili za chai, moja kila kwapa. Kamanda alikuwa amekumbatia dumu lililofungwa blanketi kama mtoto mchanga. Wengine nyuma yao walibeba mabirika yaliyoviringishwa taulo, wakitembea kwa uangalifu wa watu waliobeba mayai. Mbele yao wote, mkononi hana kitu ila mkongojo, alitangulia mama mkwe.

"Kamanda, mwambie mkwe tumekuja kuliokoa bwawa."

"Tumekuja kuliokoa bwawa!" Kamanda alitangaza, ingawa Digrii alikuwa hatua tatu mbele yake.

Digrii alitaka kucheka, ila kicheko kiligoma kupanda. Watu hawa, ambao kufunga kamba za viatu tu kwao ni shughuli, walikuwa wameamka alfajiri kuchemsha maji. Alisema asante, akakunja turubai, akawapisha.

Wakamimina, kila mtu na pembe yake. Mvuke ukapanda. Mama mkwe akasimamia kama anayegawa chakula.

"Pima sasa!" Kamanda aliamuru.

"Thelathini na tatu."

"Pima tena. Hicho kifaa chako kimelewa."

Digrii akapima tena. Mstari haukuwa umesogea hata unywele. Nyuso zikashuka.

"Lakini yangu yalikuwa yanachemka," alisema mshonaji kwa unyonge. "Nimeyatoa jikoni yanatokota."

"Muulizeni mkwe," mama mkwe alisema, "hiyo mia inashindwaje na thelathini na tatu?"

Tangu aoe, Digrii hakuwa amewahi kusema sentensi tatu mfululizo mbele ya mwanamke huyu. Aliinamisha macho, akamgeukia Kamanda.

"Mwambie Mama, kule shuleni si alikuwa na sufuria kubwa ya chai ya wanafunzi wote? Basi achote kikombe kimoja. Kikombe na sufuria, ukivipima wakati ule, vina halijoto ileile. Kipimajoto kitakupa namba moja. Lakini kikombe kitapoa mtu anatafuta sukari, na sufuria…"

"Sufuria ile!" Mama mkwe hakumngoja mkalimani. "Ilikuwa ikiunguza mkono hadi wanarudi darasani. Tuliishika kwa vitambaa."

"Ndiyo hiyo. Kwa sababu maji ni chembe ndogondogo zinazotikisika, hazitulii. Kipimajoto kinatuambia kila chembe, kwa wastani, inatikisika kwa ukali gani. Basi. Hakituambii chembe ziko ngapi. Tukitaka kujua nguvu yote iliyomo, lazima tujumlishe chembe zote, mtikisiko wa kila moja na jinsi zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe. Hiyo inaitwa nishati ya ndani. Chembe za birika ni kali, lakini ni chache. Za bwawa ni za upole, ila ni nyingi mno. Ukijumlisha, birika halioni ndani."

Kamanda alifikiri, mkono wake mzima ukikuna kidevu.

"Kwa hiyo tumeleta walevi kumi kwenye mkutano wa watu elfu hamsini wenye adabu."

"Hasa."

"Na wale walevi wametulizwa."

"Wametulizwa, na mkutano haukuhisi kitu."

"Tumejisumbua bure, basi," alisema mshonaji.

"Hapana, mzee wangu. Joto mlilolileta limo humo, halikupotea. Ila limegawanywa kwa wote, kila mmoja amepata punje isiyoonekana. Na ukubwa huohuo ndio unaotubeba. Lingekuwa beseni, lingeshapoa jana jioni." Digrii alikausha kipimajoto kwenye suruali. "Thelathini na tatu. Karibuni."

Wote walikuwa wanamkodolea macho kana kwamba boila ndiyo imesema.

"Tuingieni kabla halijabadili mawazo," alisema mama mkwe. "Na mkwe arudi chumbani kwake!"

Akarudi.

Pampu ilifika wakati wao wako majini, ikashushwa kwa mlango wa nyuma. Digrii aliifunga haraka, akawasha boila, akaweka sikio. Ilizunguka vizuri. Ila presha ilipopanda, maungio ya bomba la juu yakaanza kudondosha, tone, tone, kisha mchirizi. Akazima tena. Akafungulia maji ya lile bomba yatoke, yakajaa kwenye beseni pana la bati alilolisukuma kando kwa mguu, karibu na mlango. Yalikuwa yamekaribia kuchemka. Bolti ya maungio ilikuwa imeshikana kwa kutu, spana ikawa inateleza tu. Hapakuwa na njia ila kuikata.

Chumba kilikuwa tanuri. Alivunja mapatano kwa upana wa kiganja: aliufungua mlango wa chuma kidogo hewa ipite, akaupa kisogo, akavaa miwani ya kazi, akawasha grinda ya kukatia chuma.

Hakujua kwamba mtaalamu alikuwa amemtoa mama mkwe majini mapema, mguu umechoka, na kumkalisha kwenye benchi lililo jirani kabisa na mlango ule.

Grinda ilipogusa chuma ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, na cheche zikaruka. Ziliruka shada zima, nyeupe na za dhahabu, zikamwagika juu ya mikono yake, zikampiga kifuani, zikadunda sakafuni. Kwa Digrii ilikuwa kazi ya kila siku. Kwa aliyekuwa benchini, akiangalia kwa ule upenyo, ilikuwa ni mvua ya moto ikimnyeshea mume wa mwanawe.

"Anaungua!" Sauti ya bwalo la chakula ilipasua hata kelele za grinda. "Mwanangu anaungua jamani!"

Digrii aligeuka. Mlango ulikuwa umesukumwa wazi. Mama mkwe alikuwa anakuja, miguu mitupu, gauni la kuogelea linachuruzika maji, taulo limeanguka huko nyuma pamoja na mkongojo, mikono mbele kama anayemwendea mtoto aliyejikwaa. Macho yake yalikuwa juu, kwenye cheche. Hayakuwa chini, ambako beseni lilikuwa limetulia, mvuke mwembamba ukielea juu yake, hatua moja tu toka kwake.

"Simama hapo!" Digrii alifoka. "Usisogee!"

Hakusimama. Digrii aliachia grinda, ikanyamaza, akaruka, akamdaka kiunoni mguu wake ukiwa tayari hewani. Akamnyanyua mzimamzima, akageuka naye, akamkalisha kwenye kile kiti cha waya. Mama mkwe hakujali amekalishwa wapi. Alikuwa amemshika mikono anaipangusa, anaigeuza, anatafuta majeraha.

"Wapi? Umeungua wapi? Nimeona kwa macho yangu moto umekupiga hapa!"

"Sijaungua, Mama."

"Hapa pana weusi."

"Ni vumbi la chuma."

Aliufuta ule weusi kwa kidole chenye mate, kama mama yeyote. Chini yake ngozi ilikuwa nzima.

"Mbona…"

"Hizo cheche ni kali kuliko kitu chochote humu ndani, Mama. Zinapita digrii elfu. Lakini kila moja ni kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya chumvi. Zina ukali, hazina akiba. Zikinigusa zinauma kama sisimizi, zimekwisha." Akanyoosha kidole mlangoni. "Lakini lile beseni halifiki hata mia. Halina mwanga, halina kelele. Ungetia mguu, ngozi ingebabuka pale pale. Mguu uleule, Mama. Baada ya kazi yote uliyoifanya."

Mama mkwe alilitazama beseni. Alilitazama kwa muda, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka aliyekuwa amelala mlangoni.

"Walevi na mkutano," alisema polepole.

Ndipo wote wawili walipozinduka. Yeye akaona kwamba amekaa na gauni la kuogelea mbele ya mkwe wake. Digrii akaona kwamba amemfokea mama wa mke wake, na si kumfokea tu, amembeba. Aligeukia ukuta haraka, akachomoa koti la kazi kwenye msumari, akalinyoosha nyuma bila kutazama.

Kamanda alitokeza mlangoni, anahema, maji yanamtiririka. "Mwambieni—" alianza kwa mazoea, kisha akaona hakuna wa kuambiwa.

"Umenifokea," alisema mama mkwe.

"Nisamehe, Mama."

"Umenifokea kama mwanafunzi aliyekata foleni."

"Nisamehe sana."

"Na hili koti linanuka grisi." Alikuwa amekwisha kulivaa. Digrii, uso ukutani, alisikia kitu kama kikohozi, kisha kitu kama mluzi, kisha kicheko kizima kizima kikajaa chumba, kikagonga mabomba, kikatoka nje hadi bwawani, ambako watu waliokuwa wameshika roho mkononi wakaanza nao kucheka bila kujua wanacheka nini. Digrii alijaribu kujikaza. Alishindwa. Alicheka mpaka akashikilia bomba, kwa bahati ni lile la maji baridi.

Mtaalamu wa mazoezi hakucheka. Aliwagombeza wote wawili: mmoja kwa kuacha mlango wazi, mwingine kwa kukimbia bila mkongojo juu ya sakafu yenye maji. Alikuwa na haki, maana nyonga ilimuuma mama mkwe siku mbili zilizofuata hata akashindwa kuja. Digrii alikata bolti, akafunga mpya, boila ikaendelea. Bwawa halikurudi thelathini na nne siku ile. Lilichukua hadi kesho yake, likipanda kwa uvivu uleule lilioshuka nao, na alipomweleza mama mkwe kwa nini, hakumpitisha mtu katikati.

Miezi michache baadaye mguu ulikaa sawa, na mama mkwe akarudi kwake. Alikuwa anaishi upande wa pili wa mji, nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha lisilofunga vizuri. Jumapili moja Digrii alipanda basi, na mfuko wa vifaa begani, kwenda kulitengeneza dirisha lile. Mke wake alikuwa zamu kazini, hivyo alikwenda peke yake.

Dirisha lilichukua nusu saa. Baada ya hapo walikaa tu. Mama mkwe alimuuliza alijifunzia wapi mambo ya boila, na Digrii, akikunjua na kukunja tambara mkononi, akasema alijifunza kwa mjomba wake aliyemlea, kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa mdogo mno, hata sura yake haikumbuki sawasawa. Anachokumbuka ni sauti tu. Alikuwa hajamwambia mtu hilo, zaidi ya mke wake.

Mama mkwe hakutoa pole za haraka. Aliuliza: sauti ilikuwaje? Akaambiwa ilikuwa kubwa. Alikuwa akiita toka nje, nyumba nzima inasikia.

Wakaendelea kuzungumza. Alimsimulia naye habari za mumewe, marehemu, alivyokuwa akiimba vibaya na kwa furaha. Jua likahama dirishani bila wao kuliona, na Digrii aliposhtuka, basi la mwisho lilikuwa limekwenda.

"Utalala hapo kwenye kochi," alisema mama mkwe, na hapo hapo akaanza kutoa mito. Kochi lilikuwa fupi. Blanketi nalo lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje. Alimtazama pale alipojikunja, mtu mzima na ndevu zake, akatikisa kichwa, akaenda chumbani kwake kuleta blanketi jingine.